Jinsi ya Kuchagua Oili Sahihi ya Gia Boksi ya Otomatiki kwa Gari la Zamani

Magari mengi yanayopita katika barabara za Dar es Salaam yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa, na baada ya kufika yakauzwa tena mara mbili au tatu kabla ya kumfikia anayeyaendesha leo. Katika safari hiyo yote, kumbukumbu inayopotea mapema ni ile ya oili ya gia boksi ya otomatiki. Oili ya injini hubadilishwa mara kwa mara na karatasi yake huning'inizwa kwenye boneti, lakini ya gia boksi husahaulika mpaka siku gari linapoanza kuchelewa kuondoka kwenye mataa ya Morocco. Hapo fundi humtuma mwenye gari dukani akaombe haidroliki ya gia boksi, mwenye duka humpa kopo la kitu chekundu, kopo humiminwa ndani, na hakuna aliyeuliza swali la msingi: mtengenezaji aliisanifu gia boksi hii ifanye kazi na oili ya kiwango gani?

Rangi haijibu swali hilo. Oili nyingi za aina hii, ambazo chupani huandikwa ATF, hutiwa rangi nyekundu ili zinapovuja zisichanganywe na oili ya injini, na wekundu huo hauelezi lolote kuhusu kemikali zilizomo. Makopo mawili yenye wekundu uleule yanaweza kuwa na oili zenye tabia tofauti kabisa ndani ya gia boksi moja. Jina kubwa la kampuni halitoshi pia, kwa sababu kampuni moja huuza ATF za viwango vitano au sita tofauti.

Kwa nini kiwango kina uzito

Katika injini, kazi kuu ya oili ni kupunguza msuguano. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kazi ni ngumu zaidi, kwa maana oili ileile hulainisha gia na bearingi, hubeba joto kulipeleka kwenye kipozeo, husukuma nguvu kutoka kwenye injini kupitia konveta (chombo kinachounganisha injini na gia boksi kwa nguvu ya oili), hutoa shinikizo linalofungua na kufunga valvu, na juu ya hayo yote hutakiwa kuziruhusu sahani za klachi zishikane. Sahani hizo zimelowa oili muda wote. Oili inayoteleza kupita kiasi huzifanya zichelewe kukamata, zichemke na kuungua. Oili inayokamata kwa ukali kupita kiasi huleta kishindo kila gia inapobadilika, au mtetemo unaofanana na gari kupita juu ya matuta madogo.

Kiwango cha msuguano kinachofaa hutegemea malighafi ya sahani, nguvu ya springi na jinsi kompyuta ilivyopangwa. Kwa hiyo oili ya gia boksi hailinganishwi kwa kusema hii ni bora na ile ni duni. Oili ghali iliyotengenezwa kwa ajili ya Mercedes ya kisasa inaweza kuwa mbaya kwa Corolla ya 1998, ilhali oili ya bei ya wastani yenye kiwango sahihi ikaitunza miaka mingi.

Kutafuta jibu kwenye gari lenyewe

Anza na dipstiki, yaani kijiti cha kupimia usawa wa oili. Toyota nyingi zenye dipstiki ya gia boksi zimechongwa au kuandikwa jina la oili kwenye mpini au kwenye bapa lake: DEXRON II au T-IV, kwa mfano. Futa uchafu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, washa tochi ya simu, usome. Tahadhari ni kwamba dipstiki huweza kuwa ya gari jingine, hasa kama gia boksi iliwahi kubadilishwa kwa ile iliyotoka kwenye gari lililokatwa, jambo la kawaida kabisa hapa mjini. Ukiona dalili kwamba gia boksi si ya asili, thibitisha kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni kibati cha utambulisho, ambacho kwenye Toyota huwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE utakuta msimbo wa gia boksi, kama vile A245E au U340E. Msimbo huo una thamani kuliko jina la gari. Tarakimu ya pili kwa kawaida hueleza idadi ya gia za mbele, kwa hiyo A131L ina gia tatu, U340E ina nne na A650E ina tano. Herufi K mwanzoni huashiria CVT, yaani gia boksi ya mkanda, ambayo tutaizungumzia mbele kidogo. Ikiwa gia boksi ilibadilishwa, kibati kitakueleza iliyotoka kiwandani, nawe itabidi umwombe fundi aingie chini ya gari asome namba iliyo kwenye gamba lenyewe.

Njia ya tatu ni kitabu cha gari. Wengi hukitupa kwa sababu kimeandikwa Kijapani, na hilo ni kosa, kwani kurasa za mwisho zina jedwali la oili ambamo majina kama T-IV, Matic D au SP-III huandikwa kwa herufi hizihizi tunazozisoma. Kwa maelezo mengine yaliyo kwenye jedwali hilo, programu ya simu inayotafsiri kwa kamera inatosha. Kama kitabu hakipo, namba ya chesisi ikipelekwa kwa muuza spea mwenye katalogi ya kampuni itatoa jibu lilelile.

Usitegemee jibu la jirani mwenye gari la jina kama lako. Premio na Allion zilizotoka mwaka 2001 zenye injini ya lita 1.5 na 1.8 zina gia boksi ya kawaida ya gia nne, lakini zenye injini ya lita 2.0 ya D-4 zina CVT. Kwa nje ni gari moja. Anayenunua oili kwa kutazama jina lililobandikwa kwenye buti anacheza kamari.

Ukoo wa Dexron

Majina mengi yaliyoandikwa kwenye magari ya zamani hayapo tena sokoni, na hapa ndipo mwenye gari anapohitaji kujua nasaba kidogo. General Motors ya Marekani ilitoa kiwango chake cha kwanza, Type A, mwaka 1949, ikatoa Dexron mwaka 1967, Dexron II mwaka 1973, Dexron III mwaka 1993, na Dexron VI mwaka 2005. Zile za mwanzo zilikuwa na mafuta ya nyangumi kama kiungo cha kurekebisha msuguano, na mojawapo ya sababu za kuja kwa Dexron II ilikuwa kutafuta kibadala baada ya Marekani kumwekea ulinzi mnyama huyo.

Kila toleo lilikusudiwa kuchukua nafasi ya lililotangulia. Kwa sababu hiyo gari lililoandikwa Dexron au Dexron II, kama Corolla za AE100 na AE110 na Nissan nyingi za miaka ya 1990, hutumia oili ya daraja la Dexron III bila tatizo. Kuna jambo moja la kulijua, nalo ni kwamba General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Kopo la leo linaloandikwa Dexron III halina mkaguzi kutoka kwa mwenye jina. Ni ahadi ya aliyelitengeneza tu. Ahadi hiyo ni nzuri ikitoka kwa kampuni yenye heshima ya kulinda, na ni maneno matupu ikiwa imechapwa kwenye dumu lisilo na anwani.

Je, Dexron VI ifae badala yake? General Motors yenyewe inasema inafaa kwa gia boksi zake zote zilizotaka Dexron III na II. Oili hii ni nyepesi: mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, kwenye nyuzi joto 100 haupaswi kuzidi sentistoki 6.4 (sentistoki ni kipimo cha mnato), wakati Dexron III mpya huwa karibu na 7 au 7.5. Wanaoitetea hukumbusha kwamba Dexron III hupoteza mnato wake mapema inapokatwakatwa na gia, huku Dexron VI ikibaki palepale ilipoanzia, kwa hiyo baada ya muda tofauti hupungua sana. Hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kwa gia boksi ya Kijapani ya miaka ya 1990 iliyochoka sili na kulegea valvu, inayoshinda foleni ya Mbagala mchana wa Januari, ningechagua oili ya daraja la Dexron III kutoka kampuni inayoaminika, kwa kuwa siku ya kwanza ndiyo siku ambayo oili nyepesi hupenya kwenye nyufa na kushusha shinikizo. Kwa Chevrolet au Opel isiyo na uchovu, Dexron VI ni chaguo jema.

Zipo pia gari za zamani zaidi, kama baadhi ya Toyota za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, zilizotaka Type F ya Ford. Hiyo haina viungo vya kulainisha msuguano na hukamata kwa ghafla. Dexron ikiwekwa mahali pake hulegeza ukamataji ambao sahani zilitegemea. Mwenye Crown au Cressida ya umri huo asikubali kuambiwa kwamba zote ni moja.

Toyota na ndugu zake wa Kijapani

Kwa Toyota, mpaka muhimu uko kati ya T-IV na WS. T-IV ilirithi T-II na T-III, na ndiyo inayotakiwa kwa kawaida na Corolla NZE121, Spacio ya umri huo, IST za kwanza na RAV4 za kizazi cha pili. WS ilianza kuingia kwenye magari mapya takriban mwaka 2003 na 2004, na gia boksi nyingi zinazoitumia hazina dipstiki. Mark X ni mfano unaofahamika sana jijini. WS ni nyepesi, mnato wake ukiwa kati ya sentistoki 5 na 6 kwenye nyuzi joto 100, na Toyota haikuitengeneza iwe mbadala wa T-IV. Muuzaji akikwambia kwamba WS ni mpya zaidi na kwa hiyo ni bora kwa NZE121 yako, mshukuru na uendelee kuulizia T-IV. Kosa la kinyume, kumimina T-IV kwenye Mark X, hupunguza wepesi ambao valvu zake zimepimwa nao.

Kuna mtego mwingine kwenye Toyota za zamani za gia tatu, kama zenye A131L, ambako difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ina chumba chake tofauti na boliti yake ya kujazia. Fundi akimwaga sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) peke yake, difu hubaki na oili iliyotoka nayo Japani.

Nissan hutumia majina ya Matic. Matic D iko karibu na Dexron III, na magari mengi yaliyoitaka yamekuwa yakitumia oili hiyo kwa miaka. Matic J ni kitu kingine, na mrithi wake ni Matic S; hapo Dexron haifai. Mitsubishi ilitoka SP-II ikaenda SP-III, na ya pili huchukua nafasi ya ya kwanza, iwe ni kwenye Pajero au kwenye Hyundai zilizotumia kiwango hichohicho. Honda iliacha Z1 ikaleta DW-1, ambayo Honda yenyewe inaikubali kwa magari ya Z1. Mercedes huandika viwango vyake kwa namba zinazoanza na 236, na namba inayofuata nukta ndiyo unayoihitaji. Zile zenye gia boksi ya 722.6 hutaka 236.10 au warithi wake, na bomba lao la dipstiki lina kifuniko bila dipstiki.

Subaru inastahili neno la ziada kwa sababu Forester zimejaa mjini. Gia boksi yake ya gia nne ina dipstiki mbili: moja ya ATF, na nyingine ya difu ya mbele, ambayo hutumia oili nzito ya gia. Boliti za kumwagia nazo ni mbili. Fundi asiyezizoea humwaga oili ya difu akidhani ni ya gia boksi, kisha hujaza ATF juu ya ATF iliyojaa tayari, na gari huondoka gereji likiwa na difu kavu na gia boksi iliyofurika. Kabla hajaanza, mwombe akuonyeshe boliti anayokwenda kuifungua na akwambie ni ya nini.

CVT haimo katika ukoo wowote uliotajwa. Ndani yake mkanda wa chuma hushikwa na pulii za chuma, na oili yake hutengenezwa ili chuma kikamate chuma bila kulika. ATF ya kawaida huruhusu mkanda kuteleza, na mtelezo mmoja wa namna hiyo unatosha kuchana uso wa pulii. Toyota ina TC na FE, Nissan ina NS-1, NS-2 na NS-3, na X-Trail ya T31 yenye CVT hutaka NS-2. Hapa mimi sitafuti mbadala: nanunua ile iliyoandikwa na kampuni ya gari.

Foleni, joto na maji ya mafuriko

Gia boksi ikifanya kazi vizuri, oili yake huwa kati ya nyuzi joto 80 na 90. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi juu ya hapo, umri wa oili hupungua kwa takriban nusu. Gari linalosogea hatua kwa hatua kutoka Buguruni hadi Tazara, kiyoyozi kikiwaka na feni ikivuta hewa ya nyuzi 32, halipati upepo wa kutosha kupoza kipozeo, na konveta inazalisha joto muda wote kwa sababu injini inasukuma gari lililosimama. Ndiyo maana maneno oili ya maisha, yanayosikika kuhusu WS, hayana maana hapa. Kilomita 40,000, ambazo watengenezaji wengi huziweka kwa matumizi magumu, ndizo kipimo cha kawaida cha Dar.

Uchaguzi wa oili uanze kwa kuitazama iliyomo. Chovya dipstiki na udondoshe tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia au ya kahawia nyepesi ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, pamoja na gari linalopandisha mizunguko ya injini bila kuongeza mwendo, maana yake sahani zimeshakwisha. Oili mpya haitazirudisha. Hapa ndipo ilipozaliwa imani kwamba kubadilisha oili kwenye gari la zamani huiua gia boksi. Mara nyingi mwenye gari alikwenda kubadilisha kwa sababu tayari linateleza, likaendelea kuteleza, na lawama ikaenda kwa oili. Imani hiyo ina chembe moja ya ukweli: mashine ya kusukuma oili kwa nguvu inaweza kuling'oa tope lililotulia na kulipeleka kwenye valvu.

Ikiwa oili ina rangi ya maziwa yenye wekundu, imeingia maji. Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni mafuriko: gari lililozama Jangwani hadi usawa wa gia boksi huvuta maji kupitia kijibomba cha kupumulia, hasa likiwa la moto. Ya pili ni rejeta, kwa kuwa kipozeo cha oili huwa ndani ya tangi lake, na anayejaza rejeta kwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulenti hukilisha kipozeo hicho kutu mpaka kitoboke. Maji huachanisha gundi inayoshika malighafi ya msuguano kwenye sahani. Usiendelee kuendesha, na usinunue oili ghali kabla ya kujua yaliingilia wapi, kwa sababu oili ya kwanza itakayowekwa itakuwa ya kuoshea tu.

Dukani

Sema kiwango, usiseme haidroliki. Tamko kama "Kaka, naomba ATF ya T-IV, lita nne" humfanya muuzaji atafute kopo. "Naomba ya gari la otomatiki" humfanya achague kwa niaba yako. Kisha geuza kopo usome upande wa nyuma. Maneno yanayosema oili imeidhinishwa na kampuni ya gari yana uzito kuliko yale yanayosema inafaa kwa matumizi ya kiwango fulani. Ya pili si uongo, na zipo oili nzuri sana za namna hiyo, lakini hapo unaliamini jina la mtengenezaji wa oili peke yake. Kopo linalodai kufaa T-IV, WS, Dexron VI, Matic S na CVT kwa pamoja ningeliacha rafuni, kwa kuwa mahitaji ya CVT na ya gia boksi ya sahani yanapingana.

Oili bandia zipo, na Kariakoo haina kinga. Tazama kama utepe wa kifuniko umekatika, kama karatasi ya ndani ya mdomo imebandikwa sawasawa, kama namba ya toleo imechapwa kwenye plastiki yenyewe, na kama herufi za lebo ni kali. Nunua kwa wakala anayetoa risiti ya EFD, uihifadhi. Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya bidhaa zisizofaa na za bandia, lakini bila risiti na kopo lenyewe huna cha kuwapelekea. Angalia pia ujazo: kopo lililotoka Marekani mara nyingi ni kwati, yaani lita 0.946, na makopo manne ya namna hiyo hayafiki lita nne.

Dawa za kuongeza, zinazodai kuziba mvujo au kulainisha gia, huwa ni kemikali za kuvimbisha mpira. Kwa sili iliyosinyaa huleta nafuu ya muda, kisha huilainisha ikaharibika. Badilisha sili.

Kumwaga, kujaza, kupima

Ukifungua boliti ya sampo hutoka lita tatu au nne tu, wakati gia boksi nzima hubeba sita hadi nane. Iliyobaki imekaa kwenye konveta na mabomba. Kwa gia boksi yenye lita saba, kumwaga tatu na kujaza tatu hubadilisha asilimia 43. Ukirudia baada ya wiki moja au mbili unafika asilimia 67, na mara ya tatu takriban 81. Kwa gari la zamani lisilo na historia, njia hii ya polepole ndiyo ninayoipendekeza badala ya mashine, na ndiyo inayofaa pia unapogundua kwamba mmiliki aliyetangulia aliweka kiwango kisicho sahihi. Katika mara ya kwanza shusha sampo, badilisha chujio na gasketi, na ukague sumaku zilizo chini: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida.

Pima ulichomwaga, ukirudishe kiasi hichohicho, kisha utafute usawa kwa utaratibu wa gari lako. Kwa Toyota endesha mpaka oili ipate moto, simama mahali tambarare, injini ikiwaka, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote hadi P, ndipo usome alama za HOT. Mitsubishi nyingi hupimwa gia ikiwa kwenye N. Honda hupimwa injini ikizimwa, ndani ya sekunde 60 hadi 90. Zisizo na dipstiki hupimwa kwa boliti ya kufurikia, oili ikiwa na joto la takriban nyuzi 40, na kazi hiyo humhitaji fundi mwenye mashine ya kusoma joto. Akikwambia ataikadiria kwa kidole, tafuta mwingine. Kuzidisha kuna madhara sawa na kupunguza, kwa sababu gia huipiga oili iliyozidi mpaka itoe povu, povu hushindwa kutoa shinikizo, na gari huteleza kana kwamba oili haitoshi.

Pima tena baada ya siku mbili au tatu za matumizi, na ukague chini ya sampo kama gasketi imekaa. Andika tarehe, kilomita na kiwango kwenye karatasi uining'inize kwenye boneti karibu na ile ya oili ya injini. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Iwekwe kwenye dumu na ipelekwe gereji yenye wakusanyaji. Makopo matupu uyatoboe kabla ya kuyatupa, kwa sababu kopo zima lenye lebo safi ndilo linalotafutwa na wanaojaza oili bandia.